Konokono Hawakurudi Ndani

Nyanya nikinunua sokoni huwa nazinusa kwanza, moja moja, muuzaji akinuna na anune. Kuku wa kupewa simpokei mpaka nimpulize manyoya niione ngozi yake. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka sana. "Wewe," alikuwa akisema, "hata siku ya ufufuo utauliza nani kakufufua na anataka nini." Nilimjibu kwamba ndiyo, nitauliza.

Nimezaliwa Mbaha, kando ya Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu milimani Mbinga, kwa Wamatengo. Nilipoletwa mara ya kwanza, mama mkwe alinipa togwa, na kabla ya kunikabidhi kikombe akakipeleka mdomoni mwake akapiga funda moja. Ndiyo desturi: mgeni anaonjewa mbele ya macho yake, ili ajue hakuna kitu ndani. Mtu wa nyumbani haonjewi. Mimi nilionjewa muda mrefu, jamani. Siku aliyonipa kikombe bila kukionja nilikwenda nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, kisha nikarudi nikaosha vyombo vyote, hata vile visafi.

Mume wangu alipofariki nilibaki na binti yetu aliyekuwa sekondari ya bweni, pamoja na kipande changu cha mteremko. Kipande hicho ni cha ukoo wao. Mjane akikilima, ni chake na watoto wake, hakuna wa kumgusa. Akikiacha kikalala, wazee wa ukoo wanakaa na kukigawa upya. Hakuna aliyenitamkia maneno hayo usoni, lakini nilikuwa nayasikia hata watu wakizungumzia mvua. Basi nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa hicho tu: nisikose msimu hata mmoja, mpaka binti yangu awe mtu mzima wa kukidai mwenyewe.

Kulima huku si kama kulima ziwani, ambako unakwatua tambarare unapanda mihogo yako. Huku kuna ngoro. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza kwenye mteremko mistari ya kwenda na ya kukatiza, mpaka shamba lote linakuwa miraba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi. Panabaki shimo la kushika maji, na juu ya kingo zake, ambamo nyasi zinaoza taratibu, tunapanda maharage. Kulaza nyasi ni kazi ya mwanamume. Mwanamke akizilaza mwenyewe watu watasimama barabarani kumtazama, na mjane akifanya hivyo ni kama anatangaza kwamba ukoo umemtupa.

Kwa hiyo nilimhitaji shemeji yangu, mdogo wake marehemu, nami sipendi kumhitaji mtu. Alikuwa akiishi na mama yake hatua chache kutoka kwangu, mke alishamkimbia. Kazi yake ilikuwa kupuliza dawa kwenye kahawa za watu. Msimu mzima bomba liko mgongoni, anapanda na kushuka, dawa yenyewe anapimiwa dukani ikiwa imemiminwa kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi wala maandishi. Nilishamuuliza, "Sasa unajuaje ni dawa gani?" Akanijibu, "Kwa harufu, shemeji." Hebu fikiria.

Mwaka ule nyasi zilikuwa za kutafuta. Nyingine zililiwa na ng'ombe, nyingine ziliungua. Mimi nilikuwa nimejikusanyia kidogo, kavu, kutoka mgongo wa mlima, hazikutosha hata nusu ya shamba. Ndipo shemeji akatokea na mizigo ya nyasi kichwani, mbichi, ndefu, za kijani hasa. Akaenda, akarudi na nyingine. Akazilaza vizuri kuliko alivyowahi kumlazia kaka yake.

"Umezitoa wapi?" nikamuuliza.

"Zipo tu, shemeji. Wewe fukia."

Zipo tu! Watu wanagombania nyasi hadi za makaburini, yeye anasema zipo tu. Nikaanza kupiga mahesabu yangu. Ama anataka kunirithi, na mizigo hii ndiyo posa. Ama anataka kuniondoa, na kuna kitu kimefichwa humo ambacho sijakiona. Sikufikiria uwezekano wa tatu, wa kwamba anamsaidia mke wa kaka yake. Nilifukia, kwa sababu msimu haunisubiri mimi nimalize mashaka.

Maharage yakaota. Kwa kawaida yakishaota tu, konokono nao wanaamka. Ni wale wakubwa wa kahawia wenye michirizi. Wanalala ndani ya zile nyasi zinazooza, mvua ikinyesha wanatoka kula majani machanga. Kila asubuhi wanawake tunawaokota na kuwarusha chini ya mteremko, na walioko chini wanawarusha kwa walioko chini zaidi, na kila mmoja anajifanya hajui wanatoka wapi. Mwaka ule nilikwenda shambani na ndoo yangu ya kuwaokotea, nikakuta wamekufa. Jirani yangu wa ng'ambo ya kijito akaniambia nimshukuru Mungu, nimepunguziwa kazi. Nikamwambia mimi sijaomba kupunguziwa. Nani kanipunguzia, na kwa bei gani?

Nikachuchumaa kuwatazama. Konokono anayekufa na jua hujifungia ndani ya nyumba yake, anaziba mlango kwa utando mweupe kama karatasi, na mara nyingi hata hajafa, anangoja mvua. Hawa walikuwa nje. Mwili wote ulikuwa nje, umelegea, pembe zimelala, na ute umewatoka kwa wingi mpaka umekuwa povu. Baadhi walikuwa bado wazima. Nikamgusa mmoja kwa kijiti kwenye pembe. Konokono ukimgusa pembe anarudi ndani, hilo hata mtoto anayetambaa analijua. Huyu hakurudi. Nikamgusa mwilini, hakurudi. Alitetemeka tu, povu likaongezeka. Nikakitupa kijiti.

Kwa sababu kitu kile nilishakiona nikiwa mdogo kwetu. Kulikuwa na watu wakiponda majani ya utupa na kuyatia kwenye mto unaoingia ziwani, samaki wanalewa, wanaelea, unawachota kwa kapu. Baba yangu alikuwa mvuvi wa usipa, dagaa wetu wa Nyasa, na alikuwa na chuki na kazi hiyo. Alitukataza: ukinyoosha mkono ukaona samaki hakimbii, mwache hapo hapo, usimpeleke kwa mama yenu. Ndivyo alivyotulea. Sasa niko milimani, mbali na maji, nanyoosha mkono na kiumbe hakimbii.

Nikatembea shamba lote. Kwenye kingo nilizofukia zile nyasi zangu kavu, konokono walikuwa wazima, wanatafuna maharage yangu kwa raha zao, na siku hiyo niliwapenda. Kwenye kingo za nyasi za shemeji, wote walikuwa wamelala nje ya nyumba zao. Nikafukua ukingo mmoja kwa mikono. Harufu ilinipiga puani. Haikuwa harufu ya kuoza, ilikuwa ile harufu kali inayompita mtu barabarani shemeji anapotoka kazini na bomba lake.

Nikajisemea, haya sasa. Nimekushika.

Nilipoinua uso nikamwona mama mkwe upande wa juu, ameinama na kikapu, anachuma majani ya maharage kwa ajili ya mboga. Alikuwa kwenye kingo zile zile. Sikuita, sikueleza, nilipanda mbio nikamnyang'anya kikapu na kukimwaga. Ningeweza kuanza na shikamoo, ndiyo. Lakini mtu mzima yule alikuwa tayari ana jani moja mdomoni, analitafuna bichi kama alivyozoea.

"Tema, Mama! Tema!"

Alitema. Kisha alinitazama kwa namna ambayo sitaisahau. "Leo unaninyima majani ya shamba la mwanangu," akasema.

Jumapili baada ya misa nikawaomba wakubwa wa ukoo wakae, uwanjani kwa mama mkwe. Nikasema yote: konokono, povu, nyasi, harufu. Nikasema wazi kwamba shamba langu limewekewa sumu, na aliyeleta nyasi yuko pale amekaa. Shemeji hakukasirika, na hilo likazidi kunitia shaka. Alicheka.

"Shemeji, dawa yangu ni ya kunguni wa kahawa," akasema. "Konokono anahusika nini? Tena ingekuwa sumu, zile nyasi zenyewe si zingekufa kwanza? Umeziona zilivyostawi."

Wazee wote wakatikisa vichwa kukubali. Lilikuwa neno lenye sura ya akili. Nikamuuliza tena alizikata wapi. Akasema, "Zilikuwa za bure, shida yako nini?" Hapo mama mkwe akafungua mdomo.

"Sumu," akasema, "sisi hapa hatuijui. Wanaoijua ni wa ziwani. Kwao huko ndiko wanakoua samaki kwa majani."

Kikao kikaishia hapo. Jioni nilimpelekea uji wake kama kawaida, maana meno yalikuwa yanamsumbua. Akaupokea, akaurudisha mikononi mwangu. "Onja kwanza," akasema. Niliuonja, mbele yake. Kesho yake aliponipa maji ya kunywa, naye akaonja kabla ya kunipa. Miaka yote ile ikafutika. Nikawa mgeni niliyefika jana na begi langu. Na mimi, sitaficha, nilikuwa naangalia kama kweli amemeza.

Nikaanza kufikiria kurudi Mbaha. Nilishaanza hata kukunja nguo. Kisha nilikuwa nikitazama ule mteremko, namfikiria binti yangu, nazikunjua.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa mchana wa jua kali, niko uani napepeta mahindi, nikasikia kicheko barabarani. Shemeji anakuja anapepesuka, bomba mgongoni linavuja, shati limelowa mgongo wote. Watoto wa shule wanamfuata. "Amelewa mapema leo!" mtu mmoja akapiga kelele. Mama yake alikuwa mlangoni kwake. Alipomwona akasonya, akaingia ndani na kufunga mlango, kwa sababu pombe ya mwanawe ilishamchosha. Shemeji hakufika kwake. Aliangukia uani kwangu, pembeni ya ungo.

Mimi mtu akisema "amelewa" huwa siamini mpaka ninuse. Nikainama nikamnusa mdomo. Hakukuwa na pombe. Kulikuwa na ile harufu ya ukingoni. Mate yalikuwa yanamtoka bila kukoma, meupe, yanafanya povu kwenye kidevu. Jasho lilikuwa linamwagika, na misuli ya shavu inachezacheza yenyewe. Nikamfunua jicho: mboni ilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Nikamsukuma begani, nikamfinya mkono kwa nguvu zangu zote, kwa kucha. Hakuuvuta. Aliuacha tu pale mkononi mwangu.

Nikawaona wale konokono.

Sasa nitasema nilichokiwaza, nacho hakikuwa kizuri. Niliwaza hivi: mwanamke wa ziwani, aliyesimama mbele ya ukoo kutaja sumu, leo mtu aliyemtaja anafia uani kwake. Nikimgusa, wameshamaliza kesi. Nikimwacha, atakufa, na watauliza alifia kwa nani. Vyovyote vile mimi ndiye niliyemuua, na shamba limekwenda, na binti yangu ataitwa mtoto wa mchawi. Yote hayo yalinipitia huku nimeshika mkono wake. Mkono ulikuwa na kovu la panga alilolipata siku alipomsaidia marehemu kujenga nyumba ile ile niliyokuwa nimesimama mbele yake. Nikasema, potelea mbali.

Nikamvua bomba na shati. Nikammwagia ndoo ya maji, nikamsugua kwa sabuni ya kufulia mgongo wote, mimi mwanamke namvua shemeji yangu nguo mchana kweupe, watu wanaona. Nikapiga kelele bodaboda aje. Nikalifungia shati ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na ile chupa ya soda niliyoikuta mfukoni mwake, maana nilijua hospitali nisipokuwa na ushahidi hakuna atakayeniamini. Tukampakia katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, mate yake yakinilowesha bega njia nzima hadi mjini Mbinga.

Hospitali wakamkimbiza ndani. Daktari akatoka, akaniuliza mimi nani yake. Nikasema shemeji. Akauliza amekunywa nini. Nikasema hajakunywa, anapuliza kahawa, sumu imempitia mgongoni. Akanitazama.

"Amekula wapi mara ya mwisho? Kwa nani?" akauliza. "Maana kama mtu kanyweshwa, lazima polisi wajue."

Nikatoa mfuko. Nilikuwa bado natafuta maneno pale mama mkwe alipoingia, ameletwa na bodaboda nyingine, kanga imemwanguka, anahema. Daktari akamgeukia yeye: "Mama, wewe ndiye mzazi? Unamshuku mtu yeyote?"

Yule mama alikuwa na neno moja tu la kusema, tena alishalisema uwanjani mbele ya ukoo wote. Alinitazama, bega langu limelowa, mikono yangu ina sabuni iliyokauka mpaka kwenye viwiko. Kisha akauchukua mfuko mkononi mwangu, akaufungua, akaingiza pua yake ndani.

"Nguo zake nazifua mimi," akamwambia daktari. "Kila siku ananuka hivi. Mikono yangu inakufa ganzi nikimaliza, nikawa nadhani ni uzee." Akanielekezea kidole. "Huyu alituambia. Hatukumsikia."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Wakamchoma sindano nyingi, wakamwekea dripu, na Mungu akasaidia. Daktari akatueleza kwamba dawa ile inashika mishipa ya fahamu, ya mdudu, ya konokono, hata ya mtu; nyasi hazina mishipa hiyo, ndiyo maana zilistawi. Alipoweza kuongea, mama yake akamuuliza mbele yangu zile nyasi alizitoa wapi. Aligeuza uso ukutani. Zilikuwa za pale nyuma ya kahawa anapooshea bomba. Miaka yote anamwaga maji ya kusuuzia mahali pale pale, na kwa kuwa hakuna mtu anayepafyeka kwa sababu ya harufu, nyasi zikarefuka. Alipoona mimi sina, na za watu zimekwisha, akazikata. "Nilijua ukijua zilikotoka utazikataa," akasema. "Na zilikuwa za kijani, shemeji. Nikasema kitu kinachoota hivi hakiwezi kuwa na ubaya."

Mpaka leo nalizungusha jibu hilo kichwani, naligonga huku na huku kama nazi. Siku nyingine naliamini lote. Siku nyingine najiuliza kwa nini alicheka uwanjani. Lakini nilimfinya mkono na hakuuvuta. Mtu anayekusudia sumu haivai mwenyewe mgongoni kila siku.

Maharage ya kingo zile tuliyang'oa yote. Nyasi nilizifukua, tukazichimbia shimo mbali na kijito, nikasimama juu ya shimo mpaka lilipofunikwa. Nusu ya shamba langu ikabaki wazi, na nilijua maana ya shamba lililo wazi. Nikangoja wazee wakae.

Walikaa kweli, uwanjani kwa mama mkwe, mimi nimeitwa. Mmoja akaanza kuzungukazunguka: sehemu imelala, mjane ameelemewa, huenda angependa kuwa karibu na ndugu zake ziwani. Mama mkwe aliinuka akaingia jikoni, akatoka na kikombe cha togwa. Akawapita wazee wote, akaja moja kwa moja nilipokaa, akaninyooshea. Hakukipeleka mdomoni. Alikishika hivyo, mbele ya kila mtu, mpaka wote wakawa wameona kwamba hajakionja.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Halafu uwaambie mwakani utapanda nini."

Nilikipokea. Nilikinusa kwanza, siwezi kujizuia, na yeye akaniona nikinusa, akaangua kicheko mpaka akashika kiuno. Kisha nikanywa chote, nikawaambia nitapanda maharage.